Jinsi ya Kuishusha Hasira Bila Kulipoteza Dai Lako

Mchuuzi aliyepunjwa kwenye mizani ya dagaa katika soko la Kirumba Mwaloni jijini Mwanza ana sababu ya kukasirika, na mwongozo huu haumwombi anyamaze. Unachomwomba ni kutenganisha mambo mawili ambayo hasira huyaleta yakiwa yameshikana. La kwanza ni dai, yaani lile jambo la kweli lililokwenda kombo na linalohitaji kurekebishwa. La pili ni joto, yaani mwendo wa damu, pumzi na misuli unaomsukuma apaze sauti au anyanyue mkono. Dai lina thamani na linapaswa kubaki. Joto ndilo la kushusha, tena mapema, kwa sababu mtu aliyepandwa na joto hulisema dai lake vibaya kiasi kwamba waliosimama pembeni huishia kumhurumia yule aliyempunja.

Wanasaikolojia wa Marekani Peter Salovey na John Mayer, walipoandika mwaka 1990 kuhusu akili ya hisia, waliieleza kuwa ni uwezo wa kuzifuatilia hisia zako na za wengine, kuzitofautisha, na kuyatumia unayoyajua kuzihusu katika kuongoza fikra na matendo. Hakuna mahali katika maelezo hayo panaposema kwamba mwenye akili hiyo hakasiriki. Watu wengi wanaojaribu kujirekebisha hushindwa hapo hapo mwanzoni: hujiwekea nadhiri ya kutokasirika tena, huivunja kabla ya wiki kwisha, kisha huamini kwamba hivyo ndivyo walivyoumbwa. Lengo linalowezekana ni dogo kuliko hilo, nalo ni kuipunguza kasi ya hasira ili upate nafasi ya kuchagua utakalosema.

Mwili hutangulia maneno

Mtu anapotambua tishio au dharau, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo iitwayo amigdala huamsha mishipa ya fahamu inayozichochea tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, kumwaga homoni ya adrenalini katika damu. Moyo huongeza kasi, pumzi huwa fupi, misuli ya mikono na taya hukaza, na macho huona kile kilichokuudhi tu. Mambo hayo huanza kabla sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo ndiyo hupima matokeo ya neno au tendo, haijamaliza kazi yake. Kwa hiyo kumwambia mtu aliyefura kwamba atumie busara ni kumtaka atumie kitu ambacho kwa dakika hizo hakipatikani kwa urahisi, na hiyo ndiyo sababu hatua za mwanzo katika mwongozo huu zinahusu mwili.

Mtafiti John Gottman, aliyechunguza ugomvi wa wanandoa kwa miaka mingi, alibaini kwamba mapigo ya moyo yakizidi takriban 100 kwa dakika wakati wa mabishano, uwezo wa kumsikiliza mwenzako huporomoka, na akashauri mapumziko ya angalau dakika 20 kabla ya kuendelea na mazungumzo. Unaweza kujipima mwenyewe kwa kuweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, ukahesabu mapigo kwa sekunde 30 na kuzidisha mara mbili. Kipimo hicho hakimfai mtu aliyetoka kubeba magunia kutoka kwenye mtumbwi, kwa kuwa moyo wake tayari uko juu kwa sababu ya kazi, lakini mtu huyo anahitaji tahadhari nyingine, ambayo nadhani inawahusu watu wa Mwanza kuliko wakazi wa miji iliyojengwa tambarare.

Mtafiti Dolf Zillmann alionyesha kwamba msisimko wa mwili uliobaki kutokana na jambo moja huweza kuhamia katika jambo jingine, mwenyewe asijue. Mtu ambaye moyo wake bado unadunda kwa mazoezi, akichokozwa, hujibu kwa ukali zaidi kuliko aliyekuwa ametulia, naye huamini kwamba ukali wote umetokana na uchokozi. Sasa mfikirie mkazi wa vilima vya Mabatini au Igogo, ambako nyumba nyingi zimejengwa juu ya mawe na hazifikiwi ila kwa miguu. Anashuka kwenye daladala amechoka, anapanda ngazi za mawe akiwa na mfuko wa unga mkononi, anafika mlangoni akihema, na kabla hajakaa anaulizwa kuhusu ada ya mtoto. Swali si baya na muulizaji hana kosa, bali mwili wake umekwisha kuwashwa na kilima. Dawa yake ni rahisi kiasi cha kudharauliwa: akifika akae nje ya nyumba, anywe maji, asizungumze jambo zito mpaka atakapoweza kusema sentensi ndefu bila kukatwa na pumzi. Waliomo ndani waelezwe mapema kwamba ndivyo atakavyofanya, ili wasidhani amewanunia.

Kuzijua dalili na kuzipa majina

Chukua daftari dogo, na kila unapokasirika, hata kidogo, andika baadaye mambo machache: ilikuwa saa ngapi, ulikuwa wapi na nani, mwili ulifanya nini kwanza, wazo gani lilikujia, na ukafanya nini. Usiandike kesi ya kujitetea. Andika kama karani. Ukiendelea hivyo kwa wiki kadhaa, utaona kwamba hasira yako ina mazoea yake. Wapo ambao masikio huwa ya moto kabla ya jambo lolote, wapo wanaokaza meno, na wapo wanaoanza kuongea polepole kwa sauti ya chini, jambo ambalo watu wa nyumbani kwao hulitambua kabla yao. Waulize hao wa nyumbani. Dalili yako ya kwanza huenda wanaijua kuliko wewe.

Kisha ipe hisia jina lake halisi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, Matthew Lieberman na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliona kwamba watu walipoitaja kwa neno hisia iliyokuwa katika picha ya uso waliyoitazama, shughuli katika amigdala ilipungua. Jina linalofaa si lazima liwe hasira. Kuna kero, kuna udhia, kuna uchungu, kuna ghadhabu, na hizo hazina uzito mmoja. Kuna pia fedheha, wivu, woga na uchovu, ambazo hupenda kutoka nje zikiwa zimevaa sura ya hasira. Mama anayemfokea msaidizi wake kwa kumwaga dagaa chache mchangani huenda anaogopa marejesho ya mkopo wa kesho asubuhi. Akijiambia kimya, “Nina hofu ya marejesho,” atakuwa ameligusa jambo lenyewe, na msaidizi atakuwa amepona.

Kazi kubwa hufanyika kabla

Mwanasaikolojia James Gross, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1998, aliupanga udhibiti wa hisia kwa kufuata mahali mtu anapoingilia kati: kuchagua mazingira ya kuingia, kuyabadili mazingira hayo, kuelekeza usikivu kwingine, kubadili namna ya kulifikiria jambo, na mwisho kabisa kuzuia mwitikio uliokwisha kuanza. Mafunzo mengi ya mitaani huanzia hapo mwisho, penye ugumu kuliko pote. Kwa maoni yangu, mtu mwenye muda mdogo autumie katika zile hatua mbili za kwanza.

Angalia mfano wa Kigongo na Busisi, sehemu mbili zinazotazamana katika ghuba ya Ziwa Victoria. Kwa miaka mingi, madereva na abiria waliotoka Mwanza kwenda Sengerema na Geita walisubiri kivuko kwenye foleni yenye jua, njaa na wasiwasi wa kuchelewa, na majibizano hayakukosekana. Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa, na foleni ile ikaondoka pamoja na majibizano yake bila mtu yeyote kufundishwa subira. Hatuwezi kumjengea kila mtu daraja, lakini kila mmoja anaweza kujiuliza ni foleni gani katika maisha yake inayoweza kuondolewa.

Kalenda nayo husaidia. Wavuvi wa dagaa hutumia taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kali mavuno hupungua na mitumbwi mingi hupumzika. Katika siku hizo fedha huadimika kwa mvuvi, kwa mwanamke anayeanika dagaa na kwa muuza chai wa mwaloni, yaani pale mitumbwi inapotia nanga, ilhali marejesho ya mkopo hayafuati mwezi. Familia inayoishi kwa dagaa inaweza kujua wiki mbili kabla kwamba siku za shida zinakuja, ikapanga kuzungumzia madeni na ada katika siku za giza, wakati mkononi kuna kitu, na siku za mbalamwezi ikaziachia mazungumzo mepesi. Kanuni hiyo hiyo inahusu njaa, usingizi na pombe. Mtu aliyelala saa chache hukasirika upesi, na mtu aliyelewa hana haja ya mbinu za kutuliza hasira bali anahitaji kwenda kulala, na atakayezungumza naye kuhusu deni usiku huo anajitafutia ugomvi.

Kwa yale yasiyoepukika, andaa jibu mapema kwa muundo wa “likitokea hili, nitafanya lile.” Peter Gollwitzer, aliyeandika kuhusu mipango ya namna hii mwaka 1999, alionyesha kwamba nia iliyofungwa kwenye tukio maalumu hutekelezwa vizuri kuliko nia ya jumla. “Nitakuwa mvumilivu kwenye daladala” ni nia isiyo na mkono wala mguu. “Konda akinirudishia chenji pungufu, nitatoa pumzi moja ndefu, kisha nitamwambia, ‘Kaka, nilikupa elfu tano, naomba uhesabu tena’,” ni mpango unaotekelezeka. Uandike na uusome kwa sauti nyumbani, kwa maana sentensi ambayo haijawahi kupita mdomoni haitapita siku ya ugomvi.

Joto likishapanda

Funga mdomo kwanza. Teremsha mikono, legeza taya na mabega, na kama kuna pa kukaa, kaa. Vuta pumzi kwa puani ukihesabu hadi 4, uitoe taratibu ukihesabu hadi 6, na uendelee hivyo kwa dakika tano. Mwendo huo ni takriban pumzi sita kwa dakika, na ile pumzi ndefu ya kutoa ndiyo hasa hupunguza kasi ya moyo. Maji baridi usoni nayo huushusha moyo. Yawe maji safi ya bomba au ya ndoo na si ya kuchota ukingoni mwa ziwa, kwa sababu kichocho bado kipo katika mwambao huu na haina maana kutibu hasira kwa kujitafutia ugonjwa. Jizoeze pumzi hizo ukiwa umetulia, kwa mfano unaposubiri kivuko cha Kamanga kijae, kwani anayezijaribu kwa mara ya kwanza katikati ya ugomvi huona hazifanyi kazi na kuziacha.

Hapa inafaa kuipinga imani moja iliyoenea sana, kwamba hasira ikitolewa kwa nguvu huisha: piga mto, vunja chupa, piga kelele, utapata nafuu. Brad Bushman aliipima imani hiyo katika jaribio lililochapishwa mwaka 2002, ambamo watu waliochokozwa waligawanywa. Waliopiga mfuko wa ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi waliishia kuwa na hasira na ukali zaidi, huku waliokaa tu bila kufanya chochote wakiwa na hali bora kuliko wao. Mwaka 2024, Sophie Kjærvik na Bushman walichapisha mapitio ya tafiti 154 zenye washiriki zaidi ya 10,000, nayo yakaonyesha kwamba shughuli zinazotuliza mwili, kama vile kupumua taratibu, kutafakari na kulegeza misuli, hupunguza hasira, lakini zile zinazouamsha mwili kwa jumla hazisaidii. Mazoezi ya kukimbia yana faida nyingi kwa moyo na mapafu, na anayepanda mbio kuelekea Capri Point kila asubuhi aendelee. Asiyatumie tu kama dawa ya ugomvi wa dakika kumi zilizopita. Kusimulia kisa kijiweni mara nne kwa wasikilizaji wanne, kila mara kikiongezewa chumvi, nako ni kuuchochea mwili upya.

Kinyume chake, yaani kuimeza hasira na kutabasamu, hakufai pia. Tafiti za Gross na wenzake zimeonyesha kwamba kuificha hisia usoni hakuipunguzi ndani, na tena hupunguza uwezo wa kukumbuka yaliyosemwa wakati huo. Mhudumu wa duka anayemeza matusi ya wateja kutwa nzima anahitaji dakika chache za kukaa nyuma ya duka, na mwenye duka mwenye akili atampa.

Kuondoka kwa muda ndiyo njia iliyo bora kati ya zote, lakini ina adabu yake. Anayeondoka kimya huonekana amedharau, na aliyeachwa humfuata hadi nje akiendelea kusema. Sema kwamba umekasirika, sema kwamba unaondoka, na taja saa ya kurudi. Kwa mke, mume anaweza kusema, “Mama watoto, nimekasirika na sitaki kusema neno la kukuumiza, naomba tulizungumze baada ya chakula cha jioni.” Kwa mzee jambo ni gumu zaidi, kwa sababu kijana hamkatishi baba yake wala hampi mgongo. Avumilie hadi mzee anyamaze, kisha aseme kwa sauti ya chini, “Baba, nimekusikia. Naomba nikalitafakari, nitarudi kwako jioni.” Hajakubali wala hajakataa, na hajavunja heshima. Jambo la lazima ni kurudi kweli saa ile ile, maana asiyerudi mara moja hataruhusiwa kuondoka mara ya pili.

Katika dakika hizo 20 au zaidi, usiyatunge maneno ya kumjibu. Fanya kazi inayoshika mikono na macho: chambua dagaa, osha vyombo, hesabu mapato ya siku, sali kama wewe ni mtu wa sala. Moyo ukishashuka, ndipo ulitazame jambo upya. Ethan Kross na wenzake wamechunguza faida ya kujiangalia kwa mbali, hata kwa kujiita kwa jina lako mwenyewe na kujiuliza kama unavyomuuliza mdogo wako: “Kwa nini jambo hili limemuuma hivi?” Jilazimishe pia kutafuta maelezo mengine matatu ya alichofanya mwenzako. Dalali asiyepokea simu huenda amekukimbia, huenda pia yuko majini kuelekea Ukerewe mahali pasipo na mtandao, au simu imeisha chaji, au anaona aibu kwa sababu mzigo haujauzwa. Si lazima uamini lolote kati ya hayo. Inatosha kutambua kwamba bado hujui.

Kulirudisha dai mezani

Ukirudi, sema tukio, sema limekugharimu nini, na sema unachotaka kifanyike, kwa mpangilio huo na bila kivumishi chochote kuhusu tabia ya mtu. Mchuuzi wetu wa mwaloni angesema hivi: “Mama, tulikubaliana gunia moja kilo 50. Haya mawili nimeyapima, kila moja lina kilo 46, kwa hiyo nimepungukiwa kilo 8. Naomba tuyapime tena hapa mbele yako, kisha turekebishe bei.” Sentensi hizo zinaweza kujibiwa kwa mizani, wakati “Ninyi mmezoea kutuibia” haijibiwi ila kwa tusi. Epuka maneno kama “kila siku” na “hata siku moja,” usitaje kabila, na usifufue deni la mwaka jana, hata kama lipo kweli. Hilo lina siku yake.

Mwenzako akipandisha sauti, teremsha yako, na umwonyeshe kwamba umemsikia kabla ya kumjibu: “Unasema gunia lilikuwa limejaa lilipotoka kwako, sivyo?” Mwafaka ukishindikana, dai lina njia zake. Masuala ya mizani ni kazi ya Wakala wa Vipimo, na magomvi ya mwaloni na ya mtaani yana viongozi wa mwalo na mwenyekiti wa mtaa, ambao humsikiliza kwa makini zaidi mtu aliyekuja na vipimo vyake mkononi kuliko aliyekuja na kelele.

Kuhusu watoto nina neno fupi tu: usimwadhibu mtoto ukiwa na joto. Adhabu inayosubiri hadi jioni ama huwa ndogo na ya haki, ama huonekana haihitajiki.

Mbinu hizi zinapokuwa hazitoshi

Zipo hali ambazo haya yote hayatoshi, na ni vizuri kuzitambua mapema. Ikiwa unapiga watu au kuvunja vitu, ikiwa umepoteza kazi kwa ajili ya hasira, ikiwa hasira imeanza ghafla baada ya kuumia kichwa, au ikiwa inaambatana na kukosa usingizi, huzuni ya muda mrefu, ulevi au kumbukumbu za tukio la kutisha zinazojirudia, nenda hospitali. Mama aliyejifungua karibuni akiwa na hasira asizozielewa aende pia, bila kungoja aambiwe kwamba ni uzazi tu. Hospitali ya Kanda ya Bugando hutoa huduma za afya ya akili, na anayeanzia kituo cha afya cha karibu anaweza kupewa rufaa. Mweleze mhudumu ukweli kuhusu pombe na kuhusu dawa yoyote unayotumia, ikiwamo ya miti shamba, kwa kuwa matibabu hupangwa kwa kufuata majibu hayo. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri hushughulikia migogoro ya kifamilia ambayo mazungumzo ya nyumbani yameshindwa kuimaliza.

Na ikiwa wewe ndiye unayepigwa, usisome haya kama orodha ya mambo uliyopaswa kumfanyia mwenzako ili atulie. Hasira yake ni jukumu lake. Nenda mahali salama kwanza, kwa ndugu au jirani unayemwamini, kisha katika Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi kilicho karibu. Ukiwa na majeraha, omba fomu ya PF3 ili utibiwe na majeraha hayo yaandikwe. Kwa mtoto anayeteswa, namba 116 hupigwa bila malipo, na jirani aliyesikia anaweza kuipiga.